Jua Chumbani

Nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, mkono wa kulia unapoingia, imetundikwa picha ya mwanamke aliyekaa kwenye cherehani karibu na dirisha. Wageni wa shule husubiri hapo kuitwa, na kwa kuwa hawana la kufanya huitazama, na wakishaitazama huisifu. Husema mwanga huo, jamani, unatamani uuote. Mwalimu mkuu huwaambia imechorwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, nao hushangaa zaidi. Mtu mmoja tu shuleni haitazami picha hiyo, naye ndiye aliyeipa jina. Hupita hapo kila asubuhi kwenda kuchukua chaki, uso ameugeuzia ubao wa matangazo, hata kama matangazo ni yaleyale ya mwezi uliopita. Aliwahi kuomba iondolewe, akaulizwa kwa nini, akachukua chaki zake akaondoka. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mkewe, na sasa hayupo.

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Kivuli. Alilijua, na hakulichukia. Alikuwa mtu mpole, asiyejua kuchapa wala kufoka, lakini ukichora kivuli kwa rangi nyeusi mbele yake utadhani umemtukania mzazi. Kila mwanzo wa mwaka, masanduku ya rangi yakifika, alichomoa tyubu zote za nyeusi, akazifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. "Kivuli si cheusi," alisema. "Mnaona uvivu kukitazama, ndiyo maana mnakipaka nyeusi. Kitazameni." Watoto walikodolea macho kivuli cha dawati, na kweli, baada ya muda mmoja aliona zambarau, mwingine buluu, na yule mchekeshaji asiyekosekana katika darasa lolote akasema ameona panya.

Mambo haya hakuyabuni yeye. Ujanani alikuwa akichora mabango ya saluni na bucha, vichwa vya watu na vichwa vya ng'ombe, hadi alipopata nafasi ya chuo cha ualimu. Huko maktaba alikuta kitabu kimoja kikubwa cha picha, kimeloa mvua iliyopita kwenye paa bovu, kurasa zimegandana. Aliomba ruhusa, akazibandua moja moja kwa wembe, jioni baada ya jioni. Ndani yake walikuwamo wale wachoraji wa Impreshoni, Wafaransa wa zamani waliochoka kuchora vitu vyumbani wakatoka nje kuchora mwanga unaoviangukia. Walichora mti mmoja asubuhi, mchana na jioni, wakapata miti mitatu isiyofanana. Waliweka rangi kwa madoa mafupi, moja kando ya nyingine, na watu wakawacheka kwamba picha zao hazijamalizika. Kijana wa mabango alisoma hayo akahisi kwamba maisha yake yote alikuwa akitembea amefumba macho.

Basi akaapa kuwafumbua wengine. Somo lake la kwanza halikubadilika mwaka hata mwaka. Nyumba za walimu zilipakana na uwanja wa shule, katikati ni senyenge tu, na mkewe alikuwa na kamba ya kuanikia upande wa pili. Siku ya somo mwalimu alimwomba aanike shuka jeupe. Kisha akawakalisha watoto kwenye nyasi na kuwauliza, "Shuka lile lina rangi gani?"

"Jeupe," walijibu wote.

"Tazameni tena."

Walitazama. Polepole buluu ilijitokeza kwenye mikunjo, kijani cha nyasi kikapanda kwenye pindo, na pale jua lilipopenya likawa na wekundu mwembamba. Mwalimu alikwenda huku na huku kwa furaha. "Chora unachokiona," alisema, "usichore unachokijua. Weupe mnaujua tu. Hakuna aliyeuona."

Na hapo, kila mwaka, sauti ya mkewe ilitoka nyuma ya senyenge: "Jeupe, mume wangu. Nimelifua mwenyewe."

Darasa zima lilianguka kicheko. Mwalimu naye alicheka. Walioana wakiwa vijana, watoto wao walikuwa wamekua wakaondoka, na mzaha huo ulikuwa umebaki nao ndani ya nyumba. Wakitandika kitanda asubuhi, mmoja hukamata ncha huku na mwingine kule, mke akauliza shuka hili lina rangi gani leo, Mwalimu. Mume akianza kuzitaja, mke humrushia mto.

Mwaka huo mwalimu alitaka darasa lichore mtu. Alimwomba mkewe bila matumaini, kwa sababu mwanamke huyo alikuwa haipendi kamera hata siku ya harusi ya ndugu yake. Wakipanga mstari wa picha, yeye huenda kuangalia chungu. Safari hii alikubali kabla mume hajamaliza kuomba.

"Watakutazama siku nyingi," mwalimu alimwonya.

"Na wewe utanitazama?"

"Mimi ndiye nitakayewafundisha kutazama."

"Basi nitakaa," alisema mke, akaendelea kutunga uzi. Mwalimu alifurahi mno hata hakujiuliza amebadilishwa na nini.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Alishona sare za shule, na sakafuni kulikuwa na vipande vya kola, chaki ya fundi na pini zilizoponyoka. Dirisha lilitazama mashariki. Mwalimu alilipima, akaona mwanga wake ni mkavu, akanunua pazia la manjano hafifu akalitundika. Chumba kikapata joto mara moja. Ukuta ukawa na rangi ya asali, na mkewe, akiwa ameinamia cherehani, akang'aa kuanzia shavuni hadi kwenye vidole.

"Pazia zuri," alisema mke, akiitazama mikono yake. "Limenifaa."

Wanafunzi walikuja kwa zamu, kikundi cha asubuhi, cha mchana na cha alasiri, maana hilo ndilo lililokuwa somo: kitu kilekile, saa tofauti. Walimsalimia "Shikamoo, Mama," wakakaa na mbao zao magotini. Aliwatania, akawafungia vifungo vilivyolegea, akawaambia wasimnenepeshe. Hilo la kunenepesha halikuwa na haja. Gauni lake lilianza kumpwaya shingoni, naye alilipunguza mishono ya ubavuni, na baada ya muda akalipunguza tena. Tena alikuwa akijikuna. Alichukua rula ya mbao ya kupimia nguo akaipitisha mgongoni, kisha kwenye mikono, kisha nyayo, hadi mtoto mmoja akalalamika: "Mama, naomba usijikune, mkono wako unanipotea." Mwalimu aliligeuza lile kuwa fundisho. Alisema mkono unaotembea huchorwa kwa madoa ya haraka, na watoto wakachora mkono wa mwanamke anayejikuna, kwa madoa ya haraka, wakasifiwa.

Aliyesifiwa kuliko wote alikuwa binti waliyemwita Kimya. Aliitwa hivyo kwa sababu angeweza kukaa muhula mzima bila kuomba hata ruhusa ya kutoka. Picha yake ya asubuhi ilimsimamisha mwalimu nyuma ya kiti chake. Binti alikuwa amethubutu. Manjano aliyatia kwenye pazia, akayatia ukutani, akayatia kwenye ngozi ya Mama, na kisha, bila woga, akayatia kwenye weupe wa macho.

"Tazameni hapa," mwalimu aliwaambia wengine, akiiinua karatasi juu. "Nyinyi mnajua macho ni meupe, mkayachora meupe. Huyu amechora alichokiona. Jua limeingia mpaka ndani ya macho."

Kwenye cherehani, mkewe alikuwa ameuondoa mguu kwenye pedali. Alishusha pumzi ndefu, akatabasamu, akaanza kushona tena. Kuanzia siku hiyo darasa zima likapata ujasiri, na manjano yakaenea machoni katika kila picha. Wakaguzi walipopita shuleni waliichagua ile ya Kimya itundikwe nje ya ofisi. Mwalimu akaipa jina: Jua Chumbani.

Shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, alikuja kuwajulia hali baada ya hapo. Alikuwa mama mnene mwenye sauti, anayeingia nyumba ya mtu na kuanza kupanga vyombo upya. Siku hiyo hakugusa chombo. Alikaa akamtazama mdogo wake anavyoshona, chai yake ikapoa.

"Shemeji," alisema, "huyu mwenzio umemtazama?"

"Namtazama kila siku. Hata wanafunzi wangu wanamtazama."

"Macho yake ni ya manjano."

Mwalimu alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyesubiri kuulizwa. Alimweleza shemeji habari ya pazia, jinsi mwanga unavyopita kwenye kitambaa ukabeba rangi yake, jinsi kitu kisivyo na rangi ya peke yake.

"Na mimi je? Si tuko chumba kimoja? Yangu ni ya manjano?"

Mwalimu alimwangalia. "Wewe umeligeuzia dirisha mgongo," alijibu upesi.

"Dada, mwache," alisema mkewe. "Hiyo ndiyo kazi yake."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema shemeji, na wala hakuwa akimwambia mwalimu. Mdogo mtu aliinama akatafuta kitu kwenye droo ya uzi, na alikitafuta muda mrefu. Mwalimu aliisikia methali ile akaichukulia kuwa ni maneno ya watu wazima wanapokutana. Kusema kweli ilimkera kidogo. Ni nani huyu wa kuja kumfundisha rangi nyumbani kwake?

Kabla ya kuondoka, shemeji alipanda juu ya kigoda, akalitungua pazia, akalitumbukiza kwenye beseni la maji. Alisema lina vumbi.

Kesho yake kulikuwa na mawingu mazito, mvua imekaa hapo juu haitaki kunyesha wala kuondoka. Kikundi cha asubuhi kilipoingia, dirisha lilikuwa wazi na chumba kilikuwa na rangi ya jivu. Mwalimu alisema vizuri sana, leo mtaona chumba kingine kabisa, na watoto wakachovya brashi. Alizunguka akiwaelekeza. Alipofika kwa Kimya alisimama.

Ukuta ulikuwa wa jivu. Gauni lilikuwa la jivu na buluu. Macho yalikuwa ya manjano, manjano kuliko ya picha ya kwanza.

"Haya umeyatoa wapi?" aliuliza. "Leo pazia halipo. Umechora kwa mazoea."

"Namwona hivyo, Mwalimu."

"Hapana. Unakumbuka. Mimi sikufundisha kukumbuka."

Na mwalimu, ambaye miaka yote hakuwahi kugusa kazi ya mwanafunzi, aliyesema kusahihisha picha ya mtoto ni kumtia kidole jichoni, alichukua brashi mkononi mwake, akaichovya kwenye nyeupe na buluu kidogo, akayafunika yale manjano, jicho moja, kisha la pili. Mkono wake ulikwenda haraka. Hakuinua uso kumtazama mkewe aliyekaa hatua chache mbele yake, akiwa ameacha kushona, akimtazama yeye.

Angeinua tu uso, basi. Ndilo linalouma. Alikuwa na macho, alikuwa na mwanga wa wazi usio na pazia, na alikuwa na mke mbele yake; akatazama karatasi.

Mwisho wa kazi hiyo kulikuwa na desturi yake. Picha zote zilibandikwa kwenye ukuta mrefu wa darasa, zikipangwa kwa saa: za asubuhi, za mchana, za alasiri, mwisho zile za mawingu. Kisha aliuliza swali analouliza kila mwaka, na jibu walilijua kutoka kwa waliowatangulia.

"Ukuta umebadilika?"

"Umebadilika."

"Gauni?"

"Limebadilika."

"Nywele? Meza? Cherehani?"

"Vimebadilika."

"Ni kitu gani ambacho hakikubadilika?"

Hapo walitakiwa kujibu kwa pamoja: hakuna. Na wengi walikwisha kuanza. Lakini kutoka nyuma, sauti isiyozoeleka ilitangulia.

"Macho," alisema Kimya.

Wenzake waligeuka, wengine wakitaka kucheka. Binti alisimama kama inavyotakiwa mwanafunzi anapojibu, mikono nyuma. "Macho ya Mama hayakubadilika, Mwalimu. Ulitufundisha rangi ya mwanga huondoka na mwanga. Ile haikuondoka. Basi si ya mwanga. Ni yake."

Mwalimu alitaka kusema keti. Badala yake alianza kutembea kando ya ukuta. Asubuhi, manjano. Mchana, jua limepanda juu ya paa na dirisha halina hata mwali, manjano. Alasiri, chumba kimekuwa cha buluu, manjano. Mikono tofauti, watoto wenye kipaji na watoto wasiojua kushika brashi, wote walikuwa wameandika jambo lilelile mbele yake, naye alikuwa amewapa alama. Alifika kwenye picha za mawingu. Moja tu ukutani hapo ilikuwa na macho meupe, na ule weupe aliuweka yeye.

Aliwaambia watoto wakae kimya, akatoka. Hakukimbia. Alivuka uwanja kwa mwendo wa kawaida, akipita chini ya kamba ya kuanikia ambako pazia lilikuwa limekauka, na alikuwa akitembea hivyo kwa sababu aliona kwamba akikimbia itakuwa kweli. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, upande wa kivuli. Hapakuwa na jua hapo, wala kitambaa, wala ukuta wa kurudisha rangi. Mwalimu alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu pazia litundikwe.

"Umeona," alisema mkewe.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujalinunua lile pazia."

"Mke wangu. Mbona hukuniambia?"

Alikaa kwenye kizingiti, na mume akakaa kando yake. Mke alikuwa akikuna kiganja chake polepole. "Unajua habari ya mama," alisema. "Aliingia hospitali kwa miguu yake, wakampasua, akatolewa amefunikwa. Niliapa mimi sitoi mwili wangu. Lakini nilipoanza kugeuka rangi niliogopa vilevile. Nikajiambia, mume wangu huona rangi ambazo watu hawazioni. Akiiona hii, akaniambia twende, nitakwenda, sitabisha. Asipoiona, basi si kitu. Ndiyo maana nilikubali kukaa." Aliacha kukuna kiganja. "Kila ulipomsifu mtoto kwa manjano, nilipumua. Niliwaza, kumbe ni jua."

Mwalimu alilia hapo kizingitini, kwa sauti, mchana kweupe, na watoto wa kidato cha pili walimwona kupitia madirisha ya darasa. Kisha aliingia ndani akatoa viatu vya mkewe, akamvisha mwenyewe.

Daktari alikuwa mwanamke kijana asiyependa kuzungusha maneno. Alimvuta mgonjwa kope la chini, akambonyeza tumbo, akaagiza vipimo. Baadaye alimwita mume peke yake. "Haya manjano yameanza lini?"

"Kabla ya pazia," alisema mwalimu.

"Pazia gani?"

Alijaribu kueleza. Daktari alimsikiliza kwa subira, kalamu mkononi, na alipoelewa kwamba watoto darasa zima walikuwa wakiyachora manjano hayo kwa wiki nyingi, aliiweka kalamu chini. Alisema kuna uvimbe umebana njia ya nyongo. Alisema uvimbe wa hapo una wema mmoja tu, kwamba hujitangaza mapema kwa rangi, na watu wakifika rangi inapoanza huwa kuna cha kufanya. Sasa umesambaa. Wangempasua kujaribu kufungua njia, lakini asingependa kuwadanganya.

Asubuhi ya upasuaji walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakamfunika shuka hadi kidevuni. Ujia wa hospitali ulikuwa na madirisha upande mmoja, na ukuta wa pili ulipakwa kijani nusu na krimu nusu. Shemeji alibaki nyuma na mkoba wa nguo. Mwalimu alitembea kando ya kitanda, mkono wake chini ya shuka umeshika mkono wa mkewe, hadi walipofika kwenye milango ambayo yeye hakuruhusiwa kuivuka. Muuguzi alisimama kidogo ili waagane.

"Mwalimu," alisema mkewe.

"Naam."

"Shuka hili lina rangi gani?"

Hakuweza kujizuia. Macho yake yalikwenda yenyewe kwenye mikunjo, yakaona buluu ya madirisha, yakaona kijani cha ukuta kimepanda kwenye pindo, na juu, pale kitambaa kilipogusa shingo, yakaona manjano. Yote yalikuwapo, wazi, kila moja mahali pake. Alifungua mdomo. Mkewe alikuwa akimsubiri, akimtazama kwa macho yale. Muuguzi alibadilisha mguu.

"Jeupe," alisema mwalimu.

"Umechelewa kujibu," alisema mkewe, "lakini umepata."

Muuguzi akakisukuma kitanda, na milango ikafungwa nyuma yao.